Habari za Jioni, Saa Nne Asubuhi

Nilijiandikisha kusoma uandishi wa programu za kompyuta kwa sababu nyumba ilikuwa kimya. Watu niliwapa sababu nyingine. Niliwaambia mwandishi wa siku hizi lazima aielewe mashine anayoandikia, nao wakaitikia kwa vichwa, kama watu wanavyofanya mwenye shahada anapozungumza na hawana haraka ya kumbishia. Ukweli ni kwamba mke wangu alikuwa amefariki, watoto wako Dodoma na Mwanza na kazi zao, na Jumamosi zangu zilikuwa zimebaki na upepo tu, huu wetu unaotikisa mabati hadi unainuka kwenda kumfungulia mgeni ambaye hayupo.

Mke wangu alikuwa mkosoaji. Alinikosoa kwa Kinyaturu kuhusu chumvi na namna ninavyokunja mashati, na kwa Kiswahili kuhusu insha zangu. Hizo nilimsomea akiwa anachambua mboga, naye alinikatisha katikati: "Hapo unajisifu." Kwa kawaida nilikuwa najisifu.

Kozi ilikuwa ya wanaoanza kabisa, kila Jumamosi asubuhi, katika chuo kimoja pale mjini. Mwalimu wetu alizaliwa, kwa makadirio yangu, wakati mimi nahitimu chuo kikuu. Siku ya kwanza alinikuta mlangoni.

"Shikamoo, mzee. Umekuja kumwona mwanafunzi?"

"Marahaba. Mwanafunzi mwenyewe ni mimi."

Aliomba radhi mara kadhaa, kisha akaenda ofisini akaniletea kiti chenye mto. Hakuna mwanafunzi mwingine aliyepewa mto.

Kompyuta hazikutosha, kwa hiyo tulikaa wawili wawili. Mmoja anaandika, mwenzake anakagua, na akiona kosa anasema hapo hapo. Ndivyo tulivyofundishwa, na vijana waliushika utaratibu huo kwa moyo wote.

"We, umesahau mabano!"

"Mabano yako mwenyewe. Kaa kimya."

"Nikae kimya wakati umeshaiua mashine?"

Mimi nilikaa nyuma na mwanamke wa miaka thelathini hivi, mtoto wa familia inayouza vitambaa karibu na soko. Alikuwa amechelewa siku ya kwanza, na kiti kilichobaki kilikuwa cha pembeni yangu. Aliniamkia kwa adabu zote, nikaitikia, basi. Nilipoandika, alitazama kioo cha kompyuta. Nilipokosea, alitazama dirisha.

"Binti, hapa nimekosea?"

"Labda mashine ndiyo nzito, mzee."

Wiki zikapita hivyo. Nilipoingia darasani kelele zilishuka, nilipotoka zilipanda. Shikamoo nilipewa nyingi, nikarudi nazo nyumbani, nikapika ugali wa mtu mmoja, ambao bado sijajua kuupima. Nilichotaka pale chuoni kilikuwa kidogo: mtu mmoja wa kuniambia nimekosea. Nikajiwekea ahadi kwamba nikifika siku ya kuonyesha kazi zetu bila kumpata, nitarudisha mto na kukaa nyumbani na upepo.

Kazi yenyewe ilikuwa programu ya kusalimia watu kulingana na saa. Niliiandika kwa kujiamini. Saa ikiwa chini ya sita, iseme habari za asubuhi. Chini ya kumi, habari za mchana. Chini ya kumi na mbili, habari za jioni. Zaidi ya hapo, usiku mwema. Kuijaribu, niliiandikia saa mwenyewe. Nikaandika mbili, ikaniambia habari za asubuhi. Nikaandika saba, ikaniambia habari za mchana. Nilimgeukia mwenzangu nikitabasamu. Alikuwa anatazama dirisha.

Siku ya kuonyesha, mwalimu alisema sasa hatutaandika saa kwa mkono. Programu isome saa ya kompyuta yenyewe, na majibu yataonyeshwa ukutani kwa projekta. Vijana wawili walitangulia. Yao ilisalimia, ikasalimia tena, ikakataa kunyamaza, salamu zikijaa ukutani kama mchwa.

"Inatosha! Tumeshaitikia!"

"Ndugu zangu, hiyo inagombea udiwani!"

Darasa lilicheka hadi mwalimu akaegemea meza. Wale wawili walicheka kuliko wote.

Ikaja zamu yetu. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limejaa madirishani. Nikabonyeza. Ukutani yakatokea maneno makubwa: Habari za jioni.

Hapo ndipo nilipoelewa. Simu yangu huandika kumi nami nasoma saa nne, miaka yote, bila kufikiri. Nilikuwa nimeiandikia mashine saa zetu, zinazoanza jua linapochomoza, na mashine ilikuwa inahesabu za kwake tangu usiku wa manane.

Nilisubiri wacheke. Hakuna aliyecheka. Watu wazima wenye akili timamu walitazama viatu vyao. Mwalimu akakohoa.

"Si mbaya, mzee. Imekaa vizuri."

Sijawahi kuwa peke yangu kama nilivyokuwa mbele ya darasa lile lililojaa watu wenye adabu.

Baada ya kipindi nilikuwa naubeba mto kuurudisha ofisini, mwenzangu aliponifuata ukumbini.

"Mzee, mimi niliona tangu wiki iliyopita. Ulipoandika mbili."

"Na hukusema."

"Ningesemaje? Wewe ni sawa na baba. Baba dukani akipanga vitambaa vibaya, tunasubiri aende msikitini, ndipo tunavipanga upya."

"Naye hajui?"

"Ajue wapi? Anatuambia hakuna anayejua kupanga kama yeye."

Nilicheka, kisha nikaacha. "Binti, huyo baba yako ana bahati," nikamwambia. "Mimi nikipanga vibaya, nikitoka nikirudi nakuta vimekaa vile vile."

Alinitazama kidogo, akarekebisha mtandio, akaniaga.

Jumamosi iliyofuata nilikaribia kutokwenda. Nilivaa, nikavua viatu, nikavaa tena. Nilifika mapema, nikafungua programu yangu kwenye kompyuta ya nyuma na kuanza kubadilisha saa. Mto nilikuwa nimeshaurudisha, na kiti kilikuwa kigumu kama cha kila mtu. Mwenzangu akaingia, akasimama nyuma yangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Akaweka mkoba mezani, akainama kwenye kioo. Dirishani hakutazama.

"Mstari wa pili wote ni upuuzi, na huo wa tatu ndio usiseme. Hebu sogea."

Nikasogea, haraka kuliko inavyompendeza mtu wa umri wangu.