Magreth, Binti Aliyebaki na Mama

Tangu mumewe azikwe mgombani, Bibi Aikaeli alinyamaza. Alishinda jikoni akitazama majivu, mtori wa ndizi ukipoa mbele yake. Magreth, bintiye aliyeachika akarudi nyumbani Machame, ndiye aliyemwogesha na kumlisha, kisha akaenda kuwakatia ng'ombe majani. Asante hakuisikia.

Ila kila Jumapili mdogo wake, Eunike, alipokuja kutoka mtaa wa Soweto mjini na mkate na marashi yake, mama aliinua uso.

"Eunike wangu!"

Magreth alikuwa nyuma yao, na beseni la nguo zenye mkojo, moyo ukimwaka kama umepakwa pilipili. Eunike alisomeshwa kwa kahawa, na Magreth ndiye aliyeichuma. Leo Eunike ndiye awe wa kukumbukwa pia?

Akajiambia mama amemnunia, kwa kuwa siku ya msiba alimjibu vibaya. Akakata jani la isale, akapiga magoti, akamwekea mkononi. Kwa Wachagga, aliyeletewa isale hakatai kusamehe. Mama aliligeuzageuza, akalitumbukiza kwenye uji, akaanza kukorogea.

Hapo Magreth akaogopa. Akampeleka hospitali.

"Ana huzuni nzito ya muda mrefu," daktari alisema. "Kwa wazee huzuni hii huweza kufanana na ugonjwa wa kusahau, na wakati mwingine ndiyo dalili yake ya kwanza. Tutibu huzuni, tuone kitakachobaki."

"Kumbe hakuninunia?"

"Hapana, anaumwa."

Dawa zilisaidia. Bibi Aikaeli akala, akaimba tenzi, hata akawatania majirani. Majina ndiyo hayakurudi, isipokuwa lile moja.

"Sasa nitakaa naye mjini," Eunike alisema, akifungua mlango wa gari. "Mimi ananijua, dada."

"Wakati wa mikojo ulikuwa wapi? Ameanza kuimba ndiyo unamtaka?"

"Una wivu tu."

"Ninao! Tena mwingi."

Mama akamshika Magreth mkono, akamgeukia Eunike. "Mwanangu, usimgombeze huyu msichana wa kazi. Bila yeye silali. Siendi kokote."

Eunike akaufunga mlango wa gari, ametahayari. Magreth alikuwa ameshinda, lakini kama mtumishi. Akameza machozi, akamwingiza mama ndani, wala hakumsahihisha.