Vifaranga Sebuleni

Mwezi uliopita, kwenye dirisha la bwana mifugo kule Temeke, mbele yangu alisimama mama mmoja na boksi la vifaranga wa siku moja. Kwapani kambana jogoo.

"Anza na huyu, ndugu," akasema, akimsukuma jogoo dirishani. "Kwetu mkubwa ndiye anayetangulia."

"Mama, chanjo ya mahepe, ule ugonjwa wa kuku wa kupooza, ni ya vifaranga. Huyo mzee haitamsaidia."

Jogoo akawika. Foleni nzima tukaangua kicheko. Mama hakucheka; vifaranga wake wa mwanzo walipooza miguu, wakafa karibu wote.

Bwana mifugo akawadunga wale wa boksini mmoja mmoja, chini ya ngozi ya shingo. "Sasa usiwachanganye na wakubwa. Vumbi la manyoya yao hubeba ugonjwa, hata wakiwa wazima."

Mama akashika kiuno. "Niwatenge? Na nchi nzima tunahimizwa tukae pamoja?"

Bwana mifugo akachungulia kushoto, akachungulia kulia, akanong'ona: "Mama, ujamaa ni wa watu. Kuku bado hawajahutubiwa."

"Haya! Watalala sebuleni. Baba watoto atapokea wageni bandani."

Juzi nimekwenda kuwatazama. Mama akanisimamisha mlangoni: vua viatu, nawa miguu. Ndani vifaranga walikuwa wakikimbizana chini ya viti, hakuna hata mmoja anayechechemea. Mie nimeingia ofisi za wakubwa wengi, wasomaji wangu, lakini sijapata kukaguliwa vidole vya miguu namna ile. Na nilinawa mara mbili.