Fazi ya Chanda na Fundi wa Iringa

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya muziki, mbuzi wa Mwanjelwa walikula mabango yangu kumi na moja. Nilikuwa nimeyabandika mwenyewe tangu asubuhi, kwa gundi ya uji wa unga wa mahindi, na nilipopita tena saa sita nikakuta kuta tupu, na mbuzi mmoja akitafuna kipande kilichobaki na jina la bendi. Nilisimama pale nimeduwaa. Nilikuwa na diploma, na hakuna somo lililotaja mbuzi.

Meneja wa Ukumbi, mwajiri wangu wa kwanza pale Mbeya, hakunifokea. Alivua miwani, akaifuta kwenye koti lake la sufu. "Mwenye Diploma," akasema, "mbuzi wamesoma tangazo lako. Je, Jumamosi watakuja kucheza?"

Kesho yake nilichemsha uji mwingine, nikatia pilipili kichaa. Hakuna mbuzi aliyegusa bango langu tena, na baada ya miezi miwili kila mbandika mabango wa Mbeya alikuwa anatia pilipili. Jambo hilo nililianzisha mimi.

Niseme nilikotoka, maana vijana wa leo hudhani promota huokotwa. Nilizaliwa Rungwe. Niliondoka nyumbani bila viatu kwenda migodi ya shaba upande wa pili wa mpaka, nikafanya kazi chini ya ardhi mchana na kusoma kwa posta jioni. Hakuna mjomba aliyenisaidia, wala mmisionari. Niliporudi Mbeya nilikuwa na masanduku matatu: la nguo, la santuri, na dogo la vyeti. Ndani ya hilo dogo ilikuwamo diploma ya uuzaji na utangazaji. Katika mji ule sikumjua mtu mwingine aliyekuwa nayo, na nilihakikisha kila mtu anajua hivyo.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Kwanza unapata bendi. Pili unapata kibali, yaani barua yenye mhuri inayoruhusu bendi kupiga mahali fulani kwa siku fulani. Tatu unachora mabango kwa brashi, moja moja. Nne unayabandika, kisha unafunga spika mbili juu ya Landrova na kuzunguka mitaani ukipiga mbiu. Nilianza na hiyo ya nne, nikapanda hadi ya kwanza kwa miaka miwili. Kisha nikamuaga Meneja wa Ukumbi na kuanza kujitegemea.

Nilijitegemea kwa sababu ya muziki mmoja. Kule migodini vijana walikuwa wameacha saksafoni na tarumbeta. Walipiga magitaa mawili, besi na ngoma, kwa sauti kubwa inayotetemesha bati. Bendi hizo redio haikuzipiga. Santuri zao zilikuja mkononi mwa mtu, zikafichwa kitandani kama mtoto mchanga. Tuliozipenda Mbeya tulijuana kwa majina: vijana wa reli, mafundi wa karakana, warudi wa migodini kama mimi. Treni ya kuvuka mpaka ilipoanza kubeba abiria, nikaona njia imefunguka. Nikaandika barua, na bendi ya Mulilo ikaja. Mulilo ni moto kwa Kibemba.

Walikuwa wanne, na kiongozi wao aliitwa Chanda, mpiga gitaa la solo, mrefu, mpole, asiyejua Kiswahili zaidi ya salamu. Mimi na yeye tulizungumza Kibemba. Aliniita Ba Ambakisye, kama mtu anavyomwita kaka yake mkubwa kwa heshima.

Chanda alikuwa na kijisanduku alichokitengeneza kwa kopo la tumbaku. Kiliitwa fazi. Kinakaa sakafuni, waya wa gitaa unapita ndani yake kwenda kwenye amplifaya, na mpigaji akikikanyaga, sauti safi ya gitaa inageuka mkwaruzo mzito, kama msumeno unaoimba. Siri yake ilikuwa transista moja ndogo, kuukuu, aliyoitoa kwenye redio mbovu. Alikuwa amejaribu nyingine nyingi. "Hii inavuja umeme," aliniambia siku moja akiishika kwa ncha za vidole. "Kwa redio ni mgonjwa. Kwangu mimi ndiyo sauti yangu."

Tulipiga Mbeya katika ghala la mahindi, mara tatu, na kila mara watu wakasimama hadi nje. Nikasema sasa Iringa.

Iringa ilikuwa na utaratibu wake. Bendi ngeni ilifanyiwa usaili kwanza: inapiga nyimbo mbili mbele ya Afisa Utamaduni, ndipo kibali kinatoka. Afisa huyo alikuwa mwalimu wa kwaya zamani, mtu wa kunyamaza, mwenye sikio kali. Ndani ya basi, tangu Makambako, nilikuwa nimetunga maelezo marefu ya muziki wetu, kwa maneno ya diploma. Nilikuwa tayari.

Ijumaa mchana Mulilo wakapiga. Wimbo wa kwanza Afisa alifuata mdundo kwa kichwa taratibu. Wa pili, Chanda akakanyaga fazi, na ukumbi ukajaa mkwaruzo. Afisa akainua mkono. Wakaacha.

Akanigeukia. "Ndugu Ambakisye, hicho chombo kimeharibika?"

Vichwa vyote vikanigeukia mimi. Maelezo yangu yote yaliyeyuka. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Ndiyo, Ndugu Afisa. Kidogo tu. Kitarekebishwa."

Sikuamini kuwa nimesema mimi. Chanda akaniuliza kwa Kibemba, "Amesemaje?"

"Amesema mnapiga vizuri," nikamjibu.

Sasa mlangoni alikuwa amesimama Fundi Mitambo wa ukumbi, mzee kutoka Kilolo, ana mzingo wa waya begani. Alisikia yote. Kwao alikokulia, mgeni hakuondoka nyumbani kwa mtu na chombo kibovu. Jembe lililolegea mpini lilikazwa wakati mgeni anakula, na hakuambiwa. Atagundua mwenyewe akifika shambani kwake, amshukuru mwenyeji huko huko. Vyombo vyetu vililala ukumbini, na funguo alikuwa nazo yeye.

Jumamosi asubuhi Afisa alinikabidhi kibali. "Fundi amenihakikishia chombo kimepona," akasema. Nilidhani ni maneno ya kiofisi. Nikashukuru, nikatoka na barua yangu nikiwa nimeinua kidevu.

Bugi lilianza saa tisa alasiri. Bugi ni dansi la mchana, la vijana hasa. Wapenzi wetu walikuwa wamepanda basi kutoka Mbeya, wengine wametoka Mafinga, na vijana wa Iringa walijaa hadi madirishani. Afisa Utamaduni aliketi kiti cha mbele. Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri. Katika wa pili, pale ambapo kila mtu wa Mbeya alikuwa akingoja, Chanda akakanyaga fazi.

Gitaa likatoka safi. Safi kabisa, kama la kwaya.

Akakanyaga tena. Safi. Akapiga magoti, bendi ikanyamaza mmoja baada ya mwingine, akafungua kopo mbele ya watu wote. Ndani kulikuwa na waya mpya zilizopangwa vizuri na transista mpya inayong'aa. Nilimwona akiitazama kama mtu anayefunua shuka hospitalini na kukuta mgonjwa si wake.

Fundi Mitambo akasogea jukwaani, uso umejaa furaha ya mtu aliyegunduliwa wema wake. "Kamwene, mwanangu," akamsalimu Chanda kwa Kihehe. "Ni mimi. Ile ya zamani ilikuwa inavuja. Nimekuwekea mpya."

Chanda akanitazama nitafsiri. Nikatafsiri. Akauliza polepole, "Nani alimwambia imeharibika?"

Nikamuuliza Fundi. Akanielekezea kidole bila ubaya wowote. "Si wewe? Ulisema jana mbele ya Afisa. Nilikuwa mlangoni."

Chanda bado alikuwa ananitazama, anangoja. Ningeweza kusema neno lolote. Ningeweza kumtupia Fundi, au Afisa, au umeme wa Iringa. Ndipo kijana mmoja wa reli, mrudi wa migodini, akaita kutoka nyuma, "Tafsiri basi, Mwenye Diploma. Au tukusaidie?"

Nikatafsiri. Neno kwa neno. "Anasema ni mimi. Ni kweli. Nilimwambia Afisa imeharibika, na wewe nikakuambia amekusifu."

Chanda akaniondolea macho, akaliangalia kopo. Aliyesema ni Fundi, aliyekuwa amelielewa jambo kwa kututazama nyuso. Aliketi ukingoni mwa jukwaa, furaha yote imemtoka. "Kumbe haikuwa mbovu?"

"Haikuwa mbovu, mzee. Ilitengenezwa ilie vile."

"Tangu nishike bisibisi," akasema, "leo ndiyo nimeharibu kitu cha mtu." Kisha akasimama. "Ile ya zamani nimeitupa shimoni, nyuma. Twende."

Basi nikapiga magoti katika shimo la takataka, na tai shingoni, suti niliyoinunua migodini, nikichambua majivu na maganda ya ndizi pamoja na mzee wa Kilolo. Shida ni kuwa kila transista mbovu ya ukumbi ule ilikuwa imetupwa humo miaka yote, na zote zinafanana. Tuliokota saba. Nilipoinua kichwa nikamwona Afisa Utamaduni amesimama juu yetu, mikono nyuma.

"Kwa hiyo mkwaruzo ule ni wa makusudi?"

"Wa makusudi, Ndugu Afisa."

"Jana ulisema vingine."

"Nilidanganya. Niliogopa utatunyima kibali."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Mimi nilikuwa nauliza tu," akasema. "Sijawahi kusikia chombo kama kile. Sikujua, nikauliza. Nilidhani wewe ndiye msomi."

Nimepigwa na mwamba chini ya mgodi, nikalazwa wiki tatu. Haukuniuma vile.

Tulirudi ukumbini. Fundi akawasha chuma chake cha kulehemu pale pale jukwaani, akazifunga transista moja moja, na Chanda akazijaribu moja moja. Watu hawakuondoka. Ya kwanza ilikaa kimya. Ya pili ikapiga mluzi. "Hiyo mpeleke kwa refa," mtu akasema, watu wakacheka. Ya tatu na ya nne bure. Ya tano ikakoroma, Fundi akamtazama Chanda kwa matumaini, Chanda akatikisa kichwa. Ya sita, hapana. Ya saba ikatoa mkwaruzo, lakini mwembamba, mkavu, kama redio ya jirani. Ile yenyewe hatukuipata. Labda iliungua na takataka, labda tuliikanyaga.

Chanda akapiga na hiyo ya saba. Afisa Utamaduni alirudi kitini, akakaa mpaka wimbo wa mwisho, na vijana wa Iringa ambao hawakuwahi kuisikia ile halisi walicheza hadi vumbi likatimka. Sisi wa Mbeya tulisimama bila kucheza. Tulijua tunachokikosa.

Jumapili stendi, Chanda alimshika Fundi Mitambo mkono kwa mikono yake miwili na kuinama. Mimi aliniambia, "Asante kwa safari, Bwana Promota," akapanda basi. Ba Ambakisye sikuisikia tena kinywani mwake. Mulilo walirudi kwao, na nilipowaandikia mara mbili sikujibiwa.

Niliendelea na kazi miaka mingi baada ya hapo, Mbeya, Iringa, hata Songea, na sitaona haya kusema nilikuwa hodari. Bendi nilizozileta mimi hazikupigwa mawe, na ukumbi wangu haukuwa mtupu. Nimejenga nyumba ya matofali Uyole kwa muziki, kitu ambacho baba yangu angekataa kuamini. Vijana wa studio huja kuniuliza mambo ya zamani. Wanapenda nisimulie jinsi maofisa walivyotubana. Nawaambia walikuwapo wa kubana. Lakini hasara kubwa kuliko zote katika kazi yangu haikuletwa na ofisa. Yule wa Iringa aliniuliza swali la kawaida, la kiungwana, na mimi nilikuwa na jibu lake mfukoni. Mpaka leo hunishtua jinsi ule uongo ulivyotoka upesi.

Kabla ya kustaafu nilikwenda Iringa na bendi nyingine, Fundi Mitambo akanifuata na bahasha. Alikuwa amezeeka, waya bado begani. Barua ilitoka migodini, kwa Kibemba, na aliitunza akisubiri mtu wa kumsomea. Nilimsomea kwenye benchi nje ya ukumbi. Chanda alimsalimu yeye na mkewe. Alieleza sauti anayoitafuta bado, akaomba kama mzee atakutana na transista inayovuja katika redio yoyote, asiitupe, amtumie. Alieleza hali ya mvua na ya watoto wake. Kisha jina lake, basi.

Fundi aliikunja barua taratibu. "Na wewe je? Hajakusalimu?"

Hapakuwa na mtu mwingine Iringa ambaye angeweza kumsomea na kujua kama nasema kweli.

"Hapana, mzee," nikasema. "Hajanisalimu."