Istahil avuka Mto Tana kumwona mama

Jua la Garissa halijachomoza, lakini Istahil Gelle tayari ana jasho usoni. Anamimina rojo la anjera kwenye kikaango, analizungusha kwa mgongo wa kijiko hadi lienee, kisha anafunika. Pembeni, chai ya maziwa ya ngamia inachemka.

"Abaayo, mbili na chai!" anaita abiria mmoja, akimwita dada kwa Kisomali kama wafanyavyo wengi hapa kituo cha mabasi.

Leo Ijumaa, mama huyu wa watoto watatu mwenye umri wa miaka 34 hatauza hadi saa nne kama kawaida yake. Chini ya benchi kuna mfuko wake. Anakwenda Mombasa.

"Nimelisha wasafiri miaka mingi," anasema. "Mimi mwenyewe hata Hola, hapo ng'ambo ya mto, sijafika."

Istahil ni mzaliwa wa Bura, kaunti hii hii. Alipokuwa msichana wa miaka kumi na tano, ukame ulimaliza mbuzi wa familia. Wazazi wakampeleka kambi ya Dadaab na kumwandikisha kama mkimbizi ili wapate chakula cha msaada. Alipokwenda baadaye kuomba kitambulisho, alama za vidole zikaonyesha kuwa yeye ni mkimbizi, si Mkenya, akanyimwa.

Miaka sita iliyopita alipanda basi hivyo hivyo, bila kitambulisho. Mama yake, Bi Ardo, alikuwa amehamia Mombasa kwa binti yake mwingine, Leyla, ili atibiwe macho. Pale penye ukaguzi, karibu na daraja la Mto Tana, askari akataka kitambulisho.

"Nikamwambia, mimi ni wa hapa, na mama yangu anapofuka. Akasema, 'Mama, shuka.' Nikarudi mjini kwa miguu, nalia, na halwa ya hooyo mkononi."

Hooyo ni mama. Tangu siku hiyo walionana kwa sauti tu, kwenye simu.

Mwaka jana jina lake liliondolewa kwenye orodha ya wakimbizi. Mwezi Machi akapata kitambulisho. Wiki hiyo hiyo akaanza kupanga safari.

Siku njema humwachia faida ya shilingi 500, na nauli ya kwenda tu ni 2,000. Kwa hiyo amepanga kulala kwa Leyla na kurudi Jumapili. Chakula cha njiani, anjera na tende, amefunga mwenyewe. Biashara anamwachia jirani yake, Sado, wateja wasije wakahamia kwingine.

"Nenda, walaal, ndugu yangu," Sado anamwambia akimpokonya kijiko. "Ukichelewa basi kwa ajili ya anjera, nitakucheka mpaka Idi."

Istahil anapanda na kukaa dirishani. Hapungi mkono. Kitambulisho amekishika kwa mikono miwili.

Jumamosi jioni anapokea simu ya mwandishi wa habari hii akiwa Mombasa.

"Askari alikitazama kitambulisho, akanirudishia. Basi likavuka mto, na mimi ndani. Wallahi, yule mzee wa kiti cha pembeni alidhani nimefiwa, jinsi nilivyolia."

Kwa Leyla alimkuta mama ameketi mlangoni, penye mwanga, kwa sababu ndani haoni vizuri tena. Bi Ardo akamvuta karibu, uso kwa uso, akamwangalia kwa muda mrefu.

"Akaniambia, 'Umezeeka.' Nikacheka, alhamdulillahi. Maana yake ameniona."

Daktari ameieleza familia kwamba jicho la kulia limekwisha na la kushoto linafifia. Istahil hana matumaini ya muujiza. Anachotaka ni kuwaleta watoto wake shule zitakapofungwa, kwa sababu mdogo wao, Muse, hajawahi kuonana na bibi yake.

"Nitauza hata jioni, nipate nauli yao," anasema. "Hooyo anataka kujua Muse amefanana na nani. Nimekataa kumwambia. Nataka amwone mwenyewe."