Aliyemwita baba yangu dundu

Jamani, leo nimekataa mchumba kwa sababu ya dundu.

Yusufu alikuja kwetu Ikwiriri kujitambulisha, kaja na shangazi yake. Marashi yalifika kabla yake.

Akamwambia mama, "Binti yenu ana sauti ya chiriku."
Nami nikatabasamu, mjinga mimi.

Mara baba akapita na toroli la mavi ya ng'ombe, anapeleka kwenye matuta ya mchicha.

Yusufu akaniuliza, "Na yule dundu wa mavi ni kibarua wenu?" Akacheka peke yake.
Shangazi yake akainamia mkeka.

Nikamwambia, "Yule ni baba yangu. Na huyo chiriku wako anatufukulia mbegu bustanini. Dundu anafukia mbolea, sisi tunakula mchicha."

"Nilikuwa natania tu, mpenzi."

"Katanie kwenu."

Shangazi mtu ndiye aliyeinuka, akamfuata baba bustanini kumwomba radhi. Bwana harusi mtarajiwa? Anafuta vumbi kwenye viatu!

Wanaosema nina maringo, semeni hapa chini, nawasoma.

Baba kamjibu shangazi: "Wewe dada, karibu tena wakati wowote. Ila uje peke yako."