Karai Nane za Mchanga

Kila asubuhi, akishamaliza ndizi zake za kupika, Pereowei alikwenda kuitazama fimbo ya chuma. Fimbo hiyo ilisimama juu ya sahani ya chuma iliyofukiwa kwenye tope la kinamasi, ikachomoza katikati ya lundo la mchanga lililopita paa la nyumba kwa urefu. Kazi ya lundo ilikuwa kulemea tu: likalie tope, likamue maji, mpaka ardhi iache kudidimia na iweze kubeba barabara. Kazi ya Pereowei ilikuwa kuchungulia kwenye darubini ya kupimia, kuandika fimbo imeshuka kiasi gani, kisha kukaa. Na kukaa huko peke yake, jamani, ndiko kulikommaliza.

Mkewe alikufa maji, mtumbwi ulipopinduka mtoni. Tangu hapo binti yao Timiebi, aliyeolewa Port Harcourt, hakanyagi mtumbwi, na kijijini hakukuwa na njia nyingine ya kufika. "Baba, barabara ikifika, siku hiyohiyo niko kwako," aliahidi. Huo ulikuwa mwaka wa nne. Mjukuu alishaota meno yote na babu yake hajamtia machoni. Chumba chao kilishapakwa rangi. Jioni Pereowei alipika chakula cha mtu mmoja, na bado kilibaki.

Injinia Nnadi aliweka sharti moja: fimbo isiposhuka wiki tatu mfululizo, mchanga wa juu unaondolewa, lami inafuata.

Wiki ya kwanza haikushuka. Ya pili haikushuka. Ya tatu Pereowei alichungulia mara tano, moyo ukimdunda kama kijana anayekwenda kuposa. Haikushuka.

Kisha akazunguka upande wa mtoni, ingawa alijua atakachokikuta. Lundo lilikuwa limemegwa karibu nusu. Mwezi uliopita walimzika mama yake chifu, na kwao huwaiti watu msibani uwasimamishe topeni. Ua wote sharti umwagwe mchanga. Kijiji kizima kilibeba kutoka lundoni, mtumbwi baada ya mtumbwi. Yeye mwenyewe alibeba karai nane, akaimba, akanywa, akafurahi kuwa katikati ya watu. Ardhi haikuwa imekaza. Ilikuwa imetuliwa mzigo.

Nnadi alishuka kwenye boti akicheka. "Papa! Nasikia bibi harusi wetu wa chuma katulia?"

"Zunguka nyuma, Injinia."

"Na viatu hivi? Nyoka wenu siwataki mimi. Lete daftari nitie sahihi, ukamwite binti yako."

Pereowei alilishika daftari. Akilini aliliona gari, Timiebi ndani, mtoto mapajani, na lami ikibonyea chini yao kuelekea maji yaleyale.

"Mchanga tumeuiba, Injinia. Na mimi nimo."

Nnadi akavua viatu, akazunguka. Aliporudi hakumtukana, na hilo lilimuuma Pereowei zaidi. "Tunajaza upya," alisema. "Miezi minane, Papa. Labda tisa. Wewe endelea kupima."

Jioni Timiebi akapiga simu. "Baba, imetulia?"

"Bado, mwanangu."

"Si ulisema wiki hii? Mwenzio nimeshafunga mizigo!"

"Nilikosea."

Kwa mbali sauti ndogo ikauliza ni nani huyo.

"Ni babu," Timiebi akamjibu. "Yule anayekaa kwenye simu."

Pereowei aliibana simu sikioni mpaka ilipokatika.