Seva Iliyosema Salama

Nimefanya kazi ya kuunganisha kompyuta na kompyuta kwa miaka mingi kiasi kwamba nikiulizwa ni kazi gani hasa, nachoka kabla sijajibu. Kwa ufupi, programu moja hubisha hodi kwa nyingine, huomba kitu, na kabla ya kupewa hicho kitu hupewa namba. Namba ikianza na mbili, mambo yamekubali. Ikianza na nne, tatizo liko kwenye ombi lenyewe: mia nne na nne, unachotafuta hakipo, mia nne na tatu, tunakufahamu vizuri lakini hapa huingii. Ikianza na tano, aliyeombwa ndiye mwenye matatizo, wewe huna kosa. Hayo nilijifunza kwenye karatasi nilizochapisha ukurasa mmoja mmoja katika duka la intaneti pale mjini Arusha, mgao wa umeme uliporuhusu.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Mashirika ya umma yalikuwa yanauzwa, na watu waliozeekea humo walikuwa wanarudi nyumbani na barua ya shukrani. Mmoja wao ndiye aliyeniajiri. Alikuwa mkuu wa chumba cha kompyuta kwenye shirika moja, akapunguzwa, akapanga chumba juu ya duka la vipuri vya magari, akaanza kutengeneza programu kwa ajili ya shule na hospitali za watu binafsi zilizokuwa zikifunguliwa kila mtaa. Ofisini tulikuwa wawili tu. Kila asubuhi nilimpa shikamoo, naye aliitikia marahaba bila kuinua macho kwenye kibodi.

Hospitali moja ya mjini ilitaka zahanati za mlimani ziwe zinaomba nafasi za upasuaji wa macho kwa kompyuta, ili mgonjwa asishuke na karatasi mkononi, akute foleni, apande tena. Mzee akaandika upande wa hospitali, yaani seva ya kupokea maombi. Mimi nikaandika upande wa zahanati. Nesi anajaza jina, tatizo la jicho na tarehe inayoombwa, anabonyeza, programu yangu inatuma. Ikijibiwa mia mbili, skrini inaandika kwa kijani: Amepangiwa.

Shangazi yangu alikuwa kati ya wagonjwa wa kwanza. Alikuwa anaishi juu ya Nkoaranga, kwenye shamba lake la kahawa na migomba, na presha ya macho ilikuwa inamla jicho la kushoto. Daktari aliyemwona alimweleza bila kuzunguka kwamba lipasuliwe mapema, maana uono unaopotea kwa ugonjwa ule haurudi. Nesi wa zahanati yao akajaza fomu, skrini ikawa kijani. Siku ilipofika shangazi akashuka kile kijia chenye utelezi, na kikapu na kanga mbili za kulalia wodini. Jina lake halikuwemo kwenye orodha. Akakaa kwenye benchi mpaka saa tisa, akarudi kwake. Tukaomba tena, kijani tena, akashuka tena, na jina halikuwemo tena.

Mara hiyo ya pili alinipitia ofisini.

"Mwanangu," aliniambia, "hiyo mashine yenu inanitania?"

Hakuwa na hasira. Angekuwa nayo ningejisikia nafuu.

Alipoondoka nilifungua jibu zima la seva, kitu ambacho nilipaswa kukifanya tangu siku ya kwanza. Juu kulikuwa na mia mbili. Chini yake kulikuwa na maneno: Ombi limepokelewa, ila nafasi za siku hiyo zimejaa. Programu yangu ilikuwa inasoma namba, inaridhika, inafunga mlango. Hayo ya chini haikuwahi kuyatazama.

Nikamfuata mzee nikiwa nimevimba.

"Mzee, kwa nini seva yako inajibu mia mbili wakati nafasi hakuna?"

"Kwani imedanganya? Soma chini."

"Programu haisomi chini. Inasoma namba."

"Binti, wewe ukiulizwa habari za nyumbani unaanza na msiba? Si unasema nzuri kwanza, halafu ndiyo unasema ila? Mtu ametoka mlimani huko, anaomba kwa adabu, mimi nimpige mia nne usoni? Amenikosea nini?"

Nilijaribu mgonjwa ambaye hayupo, nikajibiwa mia mbili, ila hatumfahamu. Nilijaribu tarehe iliyopita, mia mbili, ila siku hiyo imepita. Hakuwa mvivu. Alikuwa amekaa akafikiria kila ila kwa makini, akaiandika kwa Kiswahili safi. Na kwa upande wa watu alikuwa sahihi. Kwetu tunaweza kuwa na maiti ndani, na anayebisha mlangoni tukamjibu nzuri. Kosa langu nalo lilikuwa wazi: nilimwita mtu ashuke mlima kabla sijamaliza kusikiliza nilichoambiwa. Kinachonichosha nikilikumbuka jambo lile ni kwamba sikupata hata mtu mmoja wa kumkasirikia sawasawa.

Tulivutana kwa miezi. Daktari wa upasuaji alikuwa anakuja kwa zamu kutoka mkoa mwingine, na mpaka tunasikilizana, zamu mbili zilikuwa zimepita. Siku moja mzee akasema, "Haya, tuziweke hizo namba zako," akaziweka mwenyewe, amenuna, bila kukosea hata moja. Nafasi zikijaa, mia nne na tisa. Mgonjwa asipojulikana, mia nne na nne. Umeme ukiyumba, mia tano na tatu. Na kwa ombi lililoandikwa vizuri, likaeleweka vizuri, lakini kwa masharti ya hospitali haliwezi kutekelezwa, mia nne ishirini na mbili. Mimi nikabadilisha upande wangu: kukataliwa kuwe kwekundu, na sababu iandikwe yote, kwa herufi kubwa.

Nilipanda mwenyewe kwenda kuiweka programu mpya zahanati. Wa kwanza kuingizwa alikuwa shangazi. Nesi alikuwa amempima asubuhi ile na kuandika alichokiona, bila kumwambia kitu. Akajaza, akabonyeza, akanisogezea skrini.

Ilikuwa nyekundu. Mia nne ishirini na mbili. Chini yake: Jicho la kushoto halioni mwanga. Halikubaliki kwa upasuaji.

Niliisoma mara mbili nikitafuta kosa. Halikuwepo. Hii ndiyo namba niliyomsumbulia mzee wa watu miezi yote ile, na ilikuwa imefanya kazi kama nilivyotaka. Nesi alinitazama, halafu akageuka akaanza kupanga mafaili ambayo tayari yalikuwa yamepangwa.

Shangazi alikuwa amekaa pembeni yangu, amegeuza kichwa ili anione kwa jicho la kulia.

"Inasemaje, mwanangu?"

Jibu lilikuwa mbele yangu, kwa Kiswahili, kwa herufi nilizozichagua mimi. Niliogopa uso wake kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote kazini.

"Wamekupokea, shangazi," nikamwambia. "Watakuita."

Akanishukuru. Akamshukuru na nesi, akajifunga kanga vizuri, akaondoka akipapasa ukingo wa mlango. Mvua zilikuwa zimekaribia na majirani zake walikuwa wameshatayarisha mashamba. Yeye mwaka ule hakupanda maharage, kwa kuogopa wasije wakamwita akiwa shambani.